Asali Inachelewa Kutoka

Bukavu, tarehe 15 januari 2023

Mwana wangu Fabiola,

Nakusalimia kwa mikono mbili. Baridi ya Charleroi inakuachilia kidogo? Unakula? Kwa ile picha uliyotuma mashavu yamepungua, na usiniambie ni telefone iliyapunguza. Sisi huku tuko wazima kiasi cha kupika na kugombana, Mungu Nyamuzinda apewe sifa.

Barua hii nimeiandika kwa mukono wangu, na kuipiga foto ni mimi mwenyewe. Mama Mapendo wa jirani, mwenye mutoto ku biro kubwa ya Ibanda, hajui hata kuwasha tochi ya telefone yake. Na mimi niliishia cinquième primaire, darasa la tano tu! Sema kweli, akili yako uliitoa kwa nani?

Sasa kile kimenikalisha na kalamu. Papa yako anakohoa. Siyo kile kikohozi cha zamani tulichozoea kama jogoo ya asubuhi. Akipanda kutoka barabarani mpaka ku mulango, anasimama njiani, anasingizia kwamba anatazama ziwa. Miaka yote hii ziwa halikumupendeza hata siku moja! Tukamupeleka kwa daktari. Daktari akasema, "Muzee Léopold, kiko hiki ama mapafu, chagua." Akajibu, "Kiko nilikijua mbele yako." Unamujua.

Nikasema moyoni, mimi niko na mutoto Ulaya, anatumika mu pharmacie. Ndiyo, najua haiko pharmacie. Mimi njo nasema pharmacie, na soko yote ya Nyawera inasema pharmacie, uniachie pharmacie yangu. Tafuta dawa ya kumuachisha tumbako, umupe Honoré, yule muchuuzi wa soko letu, akirudi huku na mizigo yake ya vitenge. Papa yako nitamwambia ni ya Honoré. Jina lako bado halipiti mu nyumba hii tangu alipokukataza kumuita papa. Ni miaka mine sasa. Lakini dawa haiulizwi jina.

Mama yako, anayekusifu mpaka majirani wanahama njia


Charleroi, tarehe 6 februari 2023

Mama yangu,

Barua yako nimeisoma ndani ya bisi, nikacheka peke yangu mpaka bibi mmoja wa kizungu akabadilisha kiti. Niko muzima. Nakula, mama. Mugongo wako unaendelea je? Usibebe tena mizigo mwenyewe, wabebaji wako wengi pale soko.

Dawa siko nayo. Unajua vizuri ninachouza. "Nilikusomesha uuguzi uponyeshe watu, sasa unawauzia moshi. Usiniite tena papa." Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, na mimi nikakata simu. Sikupiga tena. Naye hakupiga.

Lakini wazee wanaingia dukani kwetu na sigara mufukoni, tunawapa kamashini kadogo ka umeme. Kanapasha maji ya utamu, yanageuka mvuke, muntu anavuta. Mu maji yale kuko nikotini kidogo, ile inayoshika muntu ku tumbako. Tunapunguza pole pole mpaka siku moja hakuna. Wengine wanafika, wengine wanashindwa. Nisikudanganye, haiko dawa, na daktari wenu anasema kweli: bora kuacha vyote. Hii ni ngazi ya kushukia tu.

Maji haya ninayotuma kwa Honoré nimeyachanganya mwenyewe hapa nyumbani: glycérine, nikotini ya kipimo, na arome ya kuleta harufu na utamu. Nimetafuta tumbako inayofanana na ile yake, majani yaliyokaushwa juu ya moto wa jikoni, na asali kidogo kama alivyokuwa anapaka.

Mama, unisikilize hapa: sasa iko mbichi. Utamu wa matunda unaiva haraka, lakini wa tumbako na asali unaomba wiki na wiki. Uiweke mu giza, mbali na joto, uitikise mara moja moja. Usimupe mbele ya Pasaka. Isinywewe, na watoto wasiiguse hata tone.

Mutoto wako


Bukavu, tarehe 27 februari 2023

Fabi mwanangu,

Salamu, na afya tutaulizana baadaye, juu niko na hasira.

Honoré amefika. Kuona ile chupa ndogo na kamashini kanawaka taa ya buluu, moyo wangu ukaruka. Kintu kimetoka Ulaya na ndege, nikingojeshe mpaka Pasaka, kimefunga Kwaresima? Nilimupa siku ile ile. Mama Mapendo alikuwa amekaa hapo, nilimuita makusudi aone.

Papa yako akavuta. Akakohoa mpaka macho yakawa mekundu. Akaniuliza, "Adèle, umenipikia sabuni?" Mama Mapendo akatazama dari. Kiko kikarudi mudomoni jioni ile ile.

Umenitia haya, mutoto wangu. Tuma ingine, na safari hii weka utamu kweli.

Mama yako


Charleroi, tarehe 12 machi 2023

Mama,

Nakusalimia na kukupigia magoti kutoka mbali. Utamu niliuweka. Haukupewa nafasi.

Siku ya kwanza harufu njo inatangulia mbio, kali, kama parfum iliyomwagika. Utamu wenyewe unakuja nyuma kwa miguu. Vile vyote nilivyotia mu chupa bado havijuani. Wiki zikipita vinaanza kusikilizana, ule ukali unalala, tumbako inatokea. Asali inakuja mwisho kabisa, inachelewa kuliko zote.

Natuma ingine kwa Honoré. Tafadhali, ngoja.

Mutoto wako


Bukavu, tarehe 18 juni 2023

Mwana wangu,

Amani kwako. Mvua imetuacha, vumbi imefika, umeme inakuja kama mugeni: haisemi saa ya kufika wala ya kuondoka. Nimekaa bila kuandika, utaelewa.

Safari hii nilingoja. Uniandikie mbinguni kama nilingoja! Chupa niliiweka ku buffet, ile kabati papa yako aliyochonga mwenyewe, kando ya picha ya komunyo yako ya kwanza, mbele ya dirisha ili jua ionyeshe maandiko ya kizungu. Kila mugeni nilimufungulia anuse. Mama Mapendo alinusa mara nyingi kuliko wote, anajifanya anakuja kuomba chumvi. Mama wa chama, mukatekista, wote walinusa. Niliwaambia: mutoto wangu anapika dawa inaivishwa kama divai ya padri.

Ilipofika siku ya kumupa, maji yamekuwa kama chai iliyosahauliwa. Papa yako akavuta, akasema, "Hii haina kintu. Ni pumzi ya muntu mwingine." Akarudi ku kiko.

Fabi, mwezi uliopita tulimulaza ku hospitali. Walimutia ile pumzi ya mu chupa ya chuma. Sikukuandikia juu ungelia huko peke yako, nani angekufuta machozi? Ametoka, lakini daktari hakucheka nasi. Shambulio la pili la mapafu, alisema, ndilo litakalomuangusha kama hataacha kiko.

Mu kitanda kile alikuwa anaota kwa sauti. Nilitega sikio kama atasema jina lako. Alisema majina ya ng'ombe za baba yake.

Mama yako


Charleroi, tarehe 2 julai 2023

Mama yangu,

Uko muzima? Usinifiche tena kintu kama hiki. Kulia ningelia, lakini ningelia najua.

Nimewaza namna ya kukuambia bila kukukosea heshima. Kule kwa nyanya Kabare, mulipofukia ndizi mu shimo ziive za kupika pombe ya kasiksi, ulikuwa unawafungulia wageni shimo wachungulie? Ulinipiga kofi siku nilipoinua jani moja tu. Kofi lile bado liko ku shavu. Basi chupa hii ni shimo lile. Jua inaua utamu. Hewa ya kila mugeni inaua utamu. Tena ujue hata kungoja kuko na mwisho: ikipita miezi mingi sana, asali inakufa, inabaki maji ya rangi.

Natuma mbili. Ya kizibo cheusi iko na nikotini ndogo kuliko zile zingine. Ya kizibo cheupe haina kabisa, ni utamu mutupu, ya kumalizia. Zitie mu sanduku lako la vitenge, chini ya kile cha harusi, ufunge na kifungulio. Na mama, usiambie muntu. Hata Mama Mapendo.

Mutoto wako


Bukavu, tarehe 5 novemba 2023

Fabi, Fabi, Fabi,

Uko je? Mimi niko mugonjwa wa kunyamaza. Tangu Honoré alete zile chupa, mudomo wangu nimeufungia mu sanduku pamoja nazo. Mimi! Soko yote ya Nyawera iliniuliza kama nimefiwa. Mama Mapendo alileta supu.

Leo kisha misa nikafungua sanduku. Nikatia ya kizibo cheusi mu kamashini, nikamupelekea papa yako mu baraza, nikarudi kusimama nyuma ya pazia. Akavuta, akatema pembeni, ile kiburi yake. Akavuta tena. Akatulia. Mara ya tatu akashika moshi mudomoni kama muntu anayekumbuka wimbo.

"Adèle."

"Karamé." Nilimujibu lile itikio la heshima kama wakati tulikuwa wachumba, juu ya woga.

"Hii ni ya nani?"

"Ya Honoré. Ya pharmacie."

"Honoré anauza vitenge. Nani alimwambia Honoré kwamba mimi napaka asali ku tumbako?"

Nikanyamaza. Nimekuwa fundi wa kunyamaza.

"Nani alikuwa ananishikia chupa ya asali," akasema, "anaramba kidole akidhani sioni?"

Nikamwambia, "Unamujua."

Alivuta mpaka ka taa kakazimika, akatazama ziwa, na safari hii nadhani aliliona. Kisha kiko akakitundika ku musumari pale anatundika msumeno. Nikamuuliza kama kesho nimupelekee kaa la moto la kuwashia kiko. Akasema, "Leta ile ya mutoto."

Ya mutoto, Fabi! Jina bado, nisikudanganye. Lakini "ya mutoto".

Mama yako, anayetamani kupiga kelele mpaka watu wa kule Sange waisikie, na hapigi


Charleroi, tarehe 14 novemba 2023

Mama,

Salamu. Niko dukani, wateja wananingoja, na mimi nasoma tena ile mistari ya mwisho.

Usimuulize kintu. Usimusukume, usimutajie jina langu, usimuite muntu aje kuona. Hata hii uifungie. Kizibo cheusi kikiisha na akiona iko tayari, umupe cheupe. Lakini isipite mwezi wa sita, juu baada ya hapo sijui itakuwa na ladha gani.

Anapanda je ile njia ya ku mulango?

Mutoto wako


Bukavu, tarehe 10 machi 2024

Fabiola,

Natumaini uko na afya na kazi. Sisi tuko. Mama yako amenipa kalamu na amekaa nyuma ya mulango, anajifanya anachambua maharagi. Yale maharagi aliyachambua jana.

Umeuliza juu ya njia. Nasimama mara moja, pale ku mti wa avoka ya jirani. Daktari amesema mapafu yaliyokwenda hayarudi, lakini yaliyobaki yanaweza kunitumikia nikiyaheshimu. Kiko kiko ku musumari. Chupa ya kizibo cheusi iliisha kabla ya Noeli. Ya kizibo cheupe sikuifungua. Si juu ya hasira. Asubuhi moja niliamuka, nikakunywa chai, nikachonga mulango wa muntu, jioni ikafika na sikukumbuka kuvuta. Kesho yake vile vile.

Iko mu sanduku, chini ya kitenge cha harusi. Mama yako amenisomea barua zako zote, hata zile ulizomukataza. Unajua mudomo wake. Nimesikia kwamba ikikosa kungojewa inachoma, na ikingojewa kupita kiasi inakufa, inabaki maji ya rangi. Nimefikiri sana juu ya neno hilo. Mimi siku ile nilisema haraka, ikachoma. Kisha nikangoja, na wewe ukangoja.

Juu ya kazi yako ya moshi sijabadilisha mawazo. Siipendi. Tutagombana ukifika, nimeanza kutayarisha maneno. Lakini chupa ile sitaifungua mimi, wala mama yako, wala mugeni. Utaifungua wewe, hapa ku baraza, tunuse pamoja kama asali imetoka. Mwezi wa sita uliusema wewe mwenyewe. Uje mbele yake.

Asali ya kweli nimekwisha kuagiza Kabare. Safari hii ukiramba kidole sitajifanya sioni.

Papa yako