Barua Yako Niliyoiacha Sandukuni

Ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho,
Juu ya duka la vitambaa.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na miwani mipya umeanza kuivaa badala ya kuitembeza mfukoni. Mkaza mjomba hajambo? Na mapacha, wameshaacha kugombania kiti cha dirishani? Sisi huku hatujambo. Mama ana kikohozi kidogo, lakini sauti ya kunigombeza bado anayo, kwa hiyo sina wasiwasi naye.

Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu ninayotaka kukuambia si ya simu. Kwenye simu wewe hunitania, mimi hucheka, na jambo lenyewe linapita pembeni. Nina habari njema na nina kosa la kukiri, Mjomba, na vyote viwili vinahusu ile barua uliyoniandikia nilipokuwa naomba kazi. Nitalifikia. Nivumilie kidogo.

Habari njema kwanza. Nimethibitishwa kazini. Miezi sita ya majaribio imekwisha, na wiki tatu zilizopita nilipewa karatasi yenye jina langu na sahihi mbili. Mama aliisoma akiwa amesimama jikoni, akaikunja, akaitia ndani ya kitabu chake cha sala, na mpaka leo sijarudishiwa.

Uliniuliza mara ya mwisho tunauza nini hasa, maana kitu kisichoshikika wala kufungwa kwenye gunia kinakutia mashaka. Tunauza umeme, lakini umeme wa kesho. Kampuni yetu inanunua kwa wenye mitambo ya kuzalisha, inawauzia wenye viwanda, hospitali na maghala. Kila asubuhi tunakadiria kila mteja atahitaji kiasi gani kesho, saa kwa saa, na kabla ya saa sita mchana tunapeleka maombi yetu sokoni. Majibu yanarudi saa nane. Ukinunua pungufu, au ukinunua kupita kiasi, wasimamizi wa gridi wanakutoza faini, kwa sababu umeme mwingi hivyo hauna ghala la kuuweka. Kazi yenyewe ni kukisia vizuri na kujirekebisha mapema. Majirani hawajanielewa. Juzi mama wa nyumba ya pili alinigongea mlango umeme ulipokatika kwake, akaniomba nimrudishie, na nilipomwambia siwezi aliondoka akiamini nina maringo.

Chumba chetu kina meza tisa na saa ya ukutani kubwa kuliko dirisha. Mkuu wetu tunamwita Mama Saa, maana huitazama hiyo saa hata akiwa anakusalimia. Ninayekaa naye karibu ni mtabiri wetu wa hali ya hewa, mtu mpole ajabu, jina lake la utani ni Bwana Mawingu. Kila asubuhi hunimiminia chai kutoka kwenye chupa yake kabla hajanywa yeye. Wiki ya kwanza, nilipokuwa sijui hata choo kiko wapi, ndiye aliyenionyesha kila kitu, bila kunifanya nijione mjinga. Namshukuru Mungu kwa watu hawa. Nilikuja nikidhani nitakuta simba.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo, kwenye karakana yako. Unakumbuka mota ya mashine ya kukandia unga, ya yule mwoka mikate aliyekuwa hana subira? Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Ulinipa nisuke mwenyewe mafungu mawili ya koili, na moja nikaliunganisha kinyumenyume, mwanzo ukawa mwisho. Ilikuwa imeshafungwa, imeshapakwa vanishi, mwenyewe amesimama mlangoni anaisubiri. Mkono wako ulikuwa kwenye swichi niliposema, "Mjomba, nadhani nimegeuza." Hukunikaripia. Ulimwambia mwoka mikate arudi keshokutwa, naye akaondoka amenuna, ukanipa koleo, tukaifungua kazi yote ya siku mbili. Jioni ukaniambia sheria ya karakana ni moja tu, "Sema kabla moshi haujasema." Nilidhani ni sheria ya mota.

Mwezi wa nne kazini nikageuza tena. Tuna mteja mwenye maghala ya baridi, anahifadhi samaki na nyama, na mapaa yake yote yamejaa paneli za jua. Hesabu yake si ngumu. Unachukua anachohitaji, unatoa kile ambacho paa lake litazalisha, kinachobaki ndicho unachomnunulia. Mimi siku hiyo, badala ya kutoa, nikajumlisha. Paa lilikuwa la kutupunguzia megawati tatu, nami nikaziongeza, kwa hiyo tukanunua sita za ziada kwa kila saa, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri ya kesho yake. Kosa lile lile la mota ya unga, Mjomba, ila safari hii hakukuwa na waya wa kukata.

Niliona saa nane na nusu, majibu yakiwa yamesharudi na umeme umeshakuwa wetu. Mikono ikawa baridi. Hakuna mwingine aliyekuwa ameona. Na nitakuambia ukweli wote, maana ndicho kilichonikalisha mezani leo. Nilifikiria kunyamaza. Kesho yake ningesema jua limekuwa kali kuliko utabiri, na lawama ingemwendea Bwana Mawingu, ambaye chai yake ilikuwa bado inafuka kwenye kikombe changu. Nilikitazama hicho kikombe, nikauona mkono wako kwenye swichi. Nikasimama.

"Nimegeuza," nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua. "Maghala ya baridi. Nimejumlisha paa badala ya kulitoa."

Mama Saa akaitazama saa. "Kiasi gani?"

"Sita kila saa. Saa nne mpaka saa tisa."

"Haya, kaa chini tuziuze. Kulia utalia ukifika nyumbani."

Soko la marekebisho, ambako ziada huuzwa tena, lilikuwa bado wazi. Watu watano waliacha kazi zao wakashika simu na kompyuta kunisaidia, na mpaka saa kumi tulikuwa tumeuza karibu zote, kwa bei ya chini kidogo lakini si ya kuua. Bwana Mawingu ndiye aliyetuhimiza tuharakishe, kwa sababu aliona kesho hakutakuwa na wingu hata moja, kila mwenye paneli atakuwa na ziada, na hakuna atakayetaka yetu. Kweli, asubuhi yake bei ilianguka kama embe bovu. Ningenyamaza usiku mmoja tu, hasara ingekuwa ya kunifukuzisha kazi, na ya kumfukuzisha mtu mwingine kabla yangu. Mficha maradhi kifo humuumbua, tumeimba hivyo tangu shule ya msingi, nami nilikuwa naimba tu.

Nyumbani nililia kama nilivyoelekezwa.

Sasa tumefika kwenye barua yako. Mjomba, sikuipeleka. Ulipoiandika, kwa zile herufi zako kubwa, na muhuri wa karakana ukiwa umegandamizwa mpaka karatasi ikatoboka, niliisoma usiku huo, nikaona haya. Wenzangu walikuwa na barua za maprofesa. Yangu ilitoka kwa fundi wa kusuka mota, na mstari wa pili ulisema "hukosea kama watu wengine." Nikajiuliza ni nani anayemwombea mtu kazi kwa kutangaza makosa yake. Nikaitia sandukuni chini ya sweta. Katika maombi yangu sikuitaja karakana hata kwa neno moja, likizo nane nzima nilizokaa kwako nikazifuta kama sikuwahi kuishi. Ulipopiga simu kuuliza kama barua ilisaidia, nikasema, "Ilisaidia sana, Mjomba." Na wewe ukafurahi mpaka ukampa simu mkaza mjomba nimwambie na yeye. Nikarudia.

Njia ya mwongo ni fupi. Mama ameniambia mnakuja mwezi wa nane, na kwamba umesema lazima upelekwe ofisini kwangu, umshike mkono huyo mkuu aliyeisoma barua ya fundi akaiamini. Kwa hiyo nasema kabla moshi haujasema. Nilikudanganya. Nilikuonea haya, wewe uliyeniachia benchi la kwanza karibu na taa ili nisiharibu macho. Naomba unisamehe. Ukitaka kukasirika kwanza, kasirika, una haki, nitasubiri.

Lakini barua haijaishia hapo. Siku ya kunijadili, mwisho wa ile miezi sita, Mama Saa alifungua faili langu, akaligeuzageuza. Akasema vyeti vinamwambia nina akili, na akili anazo nyingi humo chumbani. Kabla yangu walipita vijana wawili wenye akili kuliko mimi, wote waliondoka kwa sababu ya makosa waliyoyafunika. Akaniuliza ni nani aliyenifundisha kusema bila kuulizwa. Nikamjibu ni fundi wa mota, na kwamba aliwahi kuniandikia barua. Akataka kuiona. Kesho yake nikaitoa chini ya sweta, nikaipeleka na mikunjo yake.

Aliisoma polepole, kisha akairudia, na mara hiyo moja hakuitazama saa. Halafu akausoma kwa sauti ule mstari wako wa pili mpaka mwisho, mwisho ambao mimi kwa kiburi changu sikuwahi kuufikia vizuri: "Hukosea kama watu wengine, lakini husema kabla mota haijawashwa, hata kama hakuna aliyemwona. Mengine yote mtamfundisha ninyi." Akaniuliza kwa nini sikuileta tangu mwanzo. Nikasema niliona aibu. Akauliza, "Aibu ya nini?"

Nikamsimulia na sheria yako ya moshi, naye akaitia sahihi yake hapo hapo. Sasa humo chumbani mtu akihisi amekosea husema tu, "Moshi," na sisi wote tunaacha tulichoshika. Hawajui ilikotoka, ila Mama Saa anajua.

Asante kwa likizo zote nane. Asante kwa koleo, na kwa kumrudisha mteja aliyenuna ili mtoto afungue kosa lake mwenyewe. Nilikwenda chuo miaka minne na nilifundishwa mengi, lakini nilichobaki nacho siku mikono ilipokuwa baridi ni chako.

Mama anakusalimu, anasema uje na dawa ile ya kikohozi na usijifanye umesahau. Nisalimie mkaza mjomba, mwambie naye nitamwomba radhi ana kwa ana, na mapacha, wanaokuja kulala chumba changu na dirisha lake moja, waanze kupatana. Mungu awalinde njiani, akulainishie hilo goti, na akupe miaka mingi ya kututania.

Mwezi wa nane nitakupeleka ofisini kama ulivyotaka. Mkono utakaoushika utakuwa wa mtu aliyeisoma kweli barua yako. Nimemwomba anirudishie, akakataa. Anasema ni ya faili.

Mimi mpwa wako akupendaye, asiyekuonea haya tena,
Fyuzi