Kaka Zakaria, nimepata chenso nyepesi

Mpendwa kaka,

Mdogo wako nina mkono wa bahati. Wengine wakiingia dukani wanazunguka, wanauliza bei za vitu wasivyovitaka, wanawapigia simu mashemeji. Mimi nanyoosha mkono tu, kitu bora kinakuja chenyewe. Redio niliyoichagua Mwanza inaimba mpaka leo. Baiskeli niliyoichagua Arusha imekula matairi kumi na bado inasimama wima kuliko wazee wa kanisa. Maisha yangu yote sijawahi kuchagua mashine mbaya, na wiki iliyopita mkono huu huu umechagua chenso, msumeno wa injini, mjini Singida, ndogo kama mbuzi wa wiki moja. Ukiiona utacheka.

Shikamoo lakini. Nimeanza na majivuno nikasahau adabu, nawe unanijua, darasa la sita niliacha kwa hiari yangu na ya mwalimu.

Nakuandikia kwa sababu ile miti ya milingoti tuliyopanda mlimani hapa Ulemo imefika kukatwa. Mama anataka nyumba yake iezekwe upya kwa boriti za miti ile, si nyingine, na anataka ikatwe na sisi wawili. Na mimi nataka urudi. Hilo ndilo neno lenyewe, mengine yote ni maneno ya njiani. Misimu miwili ya mvua imepita tangu uende Tabora kwa binti yako na huo mguu usiokunja goti, na kila nikipiga simu anapokea yeye. "Baba amelala, baba mdogo." Saa nne asubuhi, kaka! Wewe uliyekuwa unaamsha majogoo!

Barua hii nimeifanya ya wazi. Itasomwa kwenye kikundi cha simu cha ukoo, na nakala nitaibandika pale mashine ya kusaga, ambapo watu wa Ulemo husoma kila kilichoandikwa, hata karatasi za vidonge, wakisubiri unga wao. Ninayo sababu.

Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya kazi kabla ya mashine? Wewe unaangusha kwa shoka, mimi nafuata nyuma na panga, natoa matawi mpaka mti ubaki fimbo. Ulinifundisha nisimame upande huu wa gogo na kukata tawi la upande ule, ili gogo liwe katikati ya chuma na mguu wangu. Ulinifundisha kuacha matawi ya chini yabebe gogo kwanza, yakatwe mwisho, lisije likaniviringikia. Mimi nilikuwa nakusimulia habari za Zambia, ambako nilifika kabisa, mpakani, upande wa Tanzania. Ulikuwa unanisikiliza nusu saa bila kuinua kichwa, halafu unasema, "Daudi, hilo domo likipumzika, mkono utafanya kazi ya watu wawili." Nilikuwa nanyamaza kwa matawi matatu.

Saa sita mama anapanda na uji wa uwele kwenye kibuyu. Tunakaa juu ya magogo, upepo wa mlimani unapiga, chini kule alizeti zimegeuza vichwa zote upande mmoja kama watu wanaosikiliza ugomvi wa jirani. Wewe unakunywa wa mwisho. Kila siku wa mwisho. Nilidhani hupendi uji, mpaka siku mama alipokuletea kibuyu chako mwenyewe ukakimaliza bila kupumua.

Halafu ikaja ile chenso kubwa.

Watu wa kwetu tuna ugonjwa mmoja: kitu kikiwa chepesi tunasema ni cha bandia. Jembe tunalipima kwa uzito, nyundo kwa uzito, hata kitanda cha arusi lazima wakibebe vijana sita na wawili waumie mgongo. Chenso ile ilitengenezwa kwa miti ya msituni, ile ambayo watu watatu hawaikumbatii wakafikiana, na sisi tukaipeleka kwa milingoti minene kama paja. Siku tuliyoileta hatukupita njia ya mlimani. Tuliizungusha sokoni kwanza, njia ambayo haiendi popote tunapokwenda. Watu wakasimama. Kinyozi akaacha kichwa nusu.

Kuangusha mti, kaka, ni mara moja. Uzito hausumbui, mashine inakaa pale pale, inanguruma, mti unakwenda. Lakini matawi! Mti mmoja una matawi thelathini, na kila tawi ni kuinua, kushusha, kusogea, kuinua tena. Hilo nimelielewa sasa. Siku ile mchana ulikuwa umeinua lile dude tangu asubuhi, na mimi nimekaa kwenye gogo nanoa mnyororo wa akiba na mdomo wangu. Uliposhusha mikono, ncha ya mashine ikagusa kijitawi kilichojificha, ikaruka nyuma, ikakukata goti. Mashine haikuwa na kosa. Mikono ilikuwa imekwisha.

Nilikubeba mgongoni mpaka barabarani. Ulikuwa umeshika shati langu kwa meno usipige kelele. Shati lile ninalo.

Basi mwezi huu mama aliposema habari ya boriti, nikapanda basi kwenda Singida, duka lile lile la Bi Zuhura tuliponunua ile kubwa. Yule mama mwenye miwani ya kamba, duka la mashine alilorithi kwa mumewe, anayefungua injini haraka kuliko wanawe. Nikamwamkia, akaitikia, akanitazama juu ya miwani.

"Umekuja peke yako leo. Yuko wapi yule mkubwa wako mpole?"

"Yuko Tabora, anapumzika."

"Haya. Unataka dude gani la kutishia watu?"

"Nataka nyepesi. Ya kutoa matawi kwenye miti myembamba. Aweze kuitumia mtu mwenye mguu mbovu."

Akashusha ya kwanza, nyepesi kama kuku, mpini wake juu. Mkono wangu wa bahati ukaidaka. "Hii hii!"

"Weka chini, bwana mdomo. Hiyo ni ya mpanda miti, anafungwa kamba juu huko. Ukiitumia ukiwa umesimama chini utaikamata mkono mmoja kwa uvivu, itakutoa vidole."

Nikashika ya pili, ya betri. Haina kelele, haina moshi, nikajiona mzungu. Akaniuliza, "Na umeme wa kwenu ukikatika siku mbili, matawi yaliyobaki utakata kwa meno?"

Ya tatu ilikuwa ya petroli, ubapa wake wa chuma mfupi kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidole. Nikainyanyua kwa kidole kimoja nimwonyeshe. Akaninyang'anya, akajaza petroli iliyochanganywa oili, akajaza na oili ya mnyororo, akanirudishia. "Zote ni nyepesi zikiwa kavu. Shika sasa." Kisha akalaza bomba la maji barazani, akaniamuru nitembee kando yake nikijifanya nakata matawi, kuinua na kushusha, mashine imezimwa. Wapita njia wanatazama! Nimewahi kucheza ngoma Mwanza mbele ya mkuu wa wilaya, sikutoka jasho hivyo. Nilikwenda na kurudi mpaka mabega yakasema. Kisha akanipa nyingine inayofanana nayo, nikarudia, nayo ilikuwa inavuta mbele kama ng'ombe aliyeona maji. Ile ya tatu ilikuwa imetulia mkononi, haiendi mbele wala nyuma.

Akanionyesha breki ya mnyororo, ukiisukuma mbele mnyororo unaganda papo hapo. Akanivutisha kamba ya kuwashia, ikaitika mara ya pili. Mwisho akauliza swali ambalo mimi na safari zangu zote sikulijua: mnyororo wa akiba unapatikana wapi? Akafungua droo mwenyewe. "Upo hapa, na tupa ya kuunolea. Mashine ambayo mnyororo wake hauko Singida ni pambo la sebuleni."

Nilipokuwa naifunga kwenye gunia, akavua miwani.

"Si ndiyo hii hii aliyoishika mkubwa wako siku ile?"

Nikajifanya sisikii, nafunga kamba.

"Aliishika akasema, 'Mama, hii inatosha kwa miti yetu.' Na wewe ukacheka duka zima likasikia. Ukasema hiyo ni ya kukatia kachumbari. Ukamuuliza kama anataka na gauni lake."

Kaka, nilichelewa basi. Nilikaa kwenye baraza la yule mama mpaka akafunga duka, akaniletea chai.

Juzi niliipandisha mlimani nikaijaribu kwa mti mmoja tu. Mingine sijaigusa, inakusubiri. Ukisimama upande wako wa gogo, mashine unailaza juu ya gogo lenyewe, unaisukuma tawi hadi tawi. Gogo ndilo linabeba uzito, wewe unaongoza tu. Mguu usiokunja hausumbui kitu. Kuangusha nitaangusha mimi kwa shoka, na maji nitabeba mimi, na ukitaka ninyamaze nitanyamaza kwa matawi manne.

Sasa ile sababu ya kuifanya barua hii iwe ya wazi. Siku ile pale wodini, hospitali ya Kiomboi, mama alifika na kanga ya shambani, miguu ina udongo, akauliza, "Nani alichagua dude hili?" Wewe ulikuwa macho. Mimi nikajibu haraka, "Yeye mwenyewe alitaka kubwa." Ulinitazama kidogo, kisha ukageukia ukuta. Tangu siku ile Ulemo wote wanasema Zakaria alikatwa na kiburi chake, nami nimekaa pale mashine ya kusaga nikiwasikia, na siku nyingine nikiongeza chumvi watu wacheke.

Jana nilimwambia mama. Alikuwa anasonga ugali, akaacha mwiko umesimama sufuriani. Nilitega mgongo, hakunipiga. Akasema, "Misimu miwili namsema mwanangu kwa kiburi ambacho si chake." Akakaa chini. Ugali ukaungua, tukaula hivyo hivyo, hakuna aliyelalamika. Kisha akasema, "Mwandikie mwenzako. Na uandike mahali ambapo wote watasoma."

Kwa hiyo ndugu zangu mnaosoma hapa mkisubiri unga, someni vizuri. Na wewe kaka, ukiamua kubaki Tabora, baki, sitakulaumu, na mashine nitampa mama amkodishie mtu. Ila ukiitikia shikamoo yangu siku moja kwa sauti yako mwenyewe, nitakuja kukuchukua siku hiyo hiyo, hata kama ni kwa mgongo.

Sina mkono wa bahati, kaka. Ule ulikuwa uongo. Mashine iliyokukata niliichagua mimi, na ile uliyoitaka wewe ndiyo ilikuwa sawa.

Mdogo wako uliyembebea aibu,
Daudi