Bomba la Grisi Ulilolifungia Sandukuni

Kaka Projesti,

Leo sikuamkii. Wajibu wa mdogo kwa mkubwa ninaujua, na tangu nijue kusema nilikupa shikamoo kila tulipoonana, hata kwenye simu ya posta ambayo dakika zake zilikuwa za kuhesabu. Hii ya leo nimeiweka pembeni. Nitakuambia mwishoni iko wapi.

Ninaandika nikiwa nimekaa kwenye gogo mbele ya mashine yako ya kusaga, hapa Ihembe, saa nne asubuhi. Mashine inafanya kazi. Kwenye foleni kuna watu kumi na mmoja. Tisa wana mahindi, wawili wana mihogo mikavu. Nimewahesabu kwa sababu kuhesabu ni sehemu ya kazi yangu, na kwa sababu mara ya mwisho nilipoandika habari za mashine hii sikuhesabu chochote. Niliandika ulichoniambia.

Tulikuzika Jumatano, kwenye migomba ya upande wa juu, mahali ulipopachagua mwenyewe. Watu walijaa. Walisema ulikuwa fundi ambaye kuanzia hapa hadi Bugomora hakuna injini iliyokushinda. Ni kweli, sitakunyang'anya hilo. Mimi nilinyamaza, wakadhani ni majonzi. Nusu yalikuwa majonzi.

Baada ya mazishi mkeo Koletha alitueleza agizo lako la mwisho. Ulikuwa huwezi hata kumeza uji, lakini pumzi ya kusema hili uliipata: "Yule Mrundi atoke kwenye shamba langu kabla ya mvua." Maana yake Bigirimana, mkewe na watoto wao wanne waondoke katika nyumba ya pembeni ya shamba walimoishi miaka kumi na saba. Baba mdogo akasema agizo la marehemu halijadiliwi, ila ili mambo yafanywe kwa utaratibu, litatangazwa siku ya kuanua matanga. Sababu kila mtu aliijua. Ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa mashine.

Unaikumbuka karatasi hiyo, maana uliibandika kwa mkono wako, kwa uji wa muhogo. Ni kipande cha gazeti. Kichwa chake: "Kibarua mlevi akatwa vidole na mashine." Chini yake jina langu. Aya tano. Kwamba kibarua mmoja wa Ihembe alikuwa amekunywa rubisi, akaingiza mkono kwenye mkanda wa mashine inayozunguka, akapoteza vidole vinne vya mkono wa kulia. Kwamba mwenye mashine amewaasa vibarua wote waache pombe wakati wa kazi. Mwenye mashine ni wewe. Hakuna mtu mwingine aliyenukuliwa katika habari hiyo, Kaka. Hata mmoja. Mhariri wangu hakuuliza, nami sikumkumbusha. Bigirimana alikuwa amelazwa Nyakahanga. Basi langu lilipita mbele ya hospitali, likasimama kushusha abiria, nami nikabaki kwenye kiti nikirekebisha aya ya tatu.

Nilikuamini kwa sababu ya mashine ya chapa. Nilipoanza kazi Bukoba nilipewa moja kuukuu, herufi zake zikiganda. Ulisafiri siku nzima na mfuko wa spana. Ukakaa sakafuni chumbani kwangu, ukaifungua yote juu ya gazeti, ukaisafisha kwa sindano na tone moja moja la mafuta. Ulipomaliza ulisema, "Sasa andika ukweli, Mwandishi, usije ukasingizia mashine." Ulikuwa unacheka. Mtu wa namna hiyo ningemdhaniaje mwongo?

Nikuambie sasa kilichotokea baada ya kukuzika.

Koletha alinipa ufunguo wa sanduku lako la vyombo nitafute hati ya shamba. Ufunguo wenyewe ulikuwa umefungwa kwenye mkanda wa suruali uliyovaa hospitali. Hati niliikuta juu kabisa. Chini yake, ndani ya mfuko safi wa unga, nilikuta vile vyombo vya betri alivyokuachia yule fundi mgeni wa malori, kambi za wakimbizi zilipofungwa: drili, msumeno mdogo, na bomba la grisi. Vyote vina rangi yake ya dukani. Msumeno haujawahi kugusa hata gome la mti.

Bomba hilo nalifahamu. Krismasi ile ulilitoa sebuleni, ukasimama katikati ya wageni, ukabonyeza. Likanguruma. Padre aliruka kwenye kiti, watu wakacheka hadi machozi. Nilikupiga picha umelishika kama bunduki. Nikakuuliza kwa nini usilipeleke kwenye mashine, ukajibu mbele ya wote, "Chombo kama hiki hakishikwi na watu wa kuja." Bigirimana alikuwa mlangoni amebeba mkungu wa ndizi. Wageni wakacheka tena, kidogo. Baba yetu, Kaka, alikuja Karagwe kutoka Muleba akiwa na jembe moja na blanketi. Sijui huwa unamweka kundi gani.

Nilibeba bomba lile hadi kwenye mashine. Sikuwa na wazo la maana. Nilitaka tu kuona lingefanyaje kazi. Ndipo nilipofanya kile nilichopaswa kufanya siku ile nilipokuja kuandika habari, badala ya kunywa chai yako. Niliinama, nikatazama.

Beringi ya ndani iko nyuma ya gurudumu la mkanda. Kati ya mdomo wake wa kupokea grisi na mkanda kuna nafasi ya kiganja kimoja. Nilipima kwa kiganja changu, na mkono wangu ni mdogo. Lile bomba la zamani la mkono ulilompa Bigirimana lina kijibomba kifupi cha chuma kisichopinda, nalo linataka mikono miwili: mmoja ulikandamize kwenye beringi, mwingine upige pampu. Kwa hiyo mikono yote miwili, na uso, viko kando ya mkanda. Mashine ikiwa imezimwa, hakuna tabu. Lakini kibao cha kuzuia mkanda ulikitoa zamani kwa sababu kilikuwa kinapiga kelele, na kuzima ulikataza.

Hilo nililipata kwa Koletha. Nilimuuliza kama ninavyomuuliza shahidi, daftari likiwa wazi, akakasirika kwanza. "Wifi, umekuja kuomboleza au kupeleleza?" Kisha akakaa kwenye debe akaniambia. Injini ikipata moto kisha ikazimwa, kuiwasha tena kwa hendeli ni shughuli ya wanaume wawili, na watu wanaondoka na mahindi yao kwenda kwa jirani. Kwa hiyo uliagiza beringi zipakwe grisi mashine ikizunguka. Siku ya ajali ilikuwa saa tatu asubuhi. Koletha alikuwa anapima unga. Anasema Bigirimana alikuomba mara mbili. Mara ya kwanza: "Bosi, tuzime kidogo." Mara ya pili aliomba bomba la betri, lile lenye mpira mrefu unaopinda, asimame mbali na mkanda. Ukamjibu, "Umeona lipo sebuleni ukadhani ni la mkeo? Paka grisi." Mkanda ulishika mkono wa shati. Koletha ndiye aliyekimbia kuzima.

"Alikuwa amekunywa?" nilimuuliza.

"Saa tatu asubuhi? Hata chai hakuwa amekunywa, mwenye kumpa chai ni mimi."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. "Gazeti lilikuwa limeshasema. Ningebishana na gazeti lako?"

Hilo ni langu, Kaka, silitupi kwako. Lakini la uongo ni lako. Na liko jingine ambalo ni baya kuliko uongo. Nililielewa nikiwa nimesimama pale na chombo chako mkononi, na kama ungekuwa hai ningekutupia.

Bigirimana alipotoka hospitali alirudi kuomba kazi. Ulimwambia, na hili umelisema mwenyewe mbele yangu ukijisifu kwa kusema wazi, "Mtu wa mkono mmoja anapakaje grisi? Nenda kapalilie kahawa." Miaka miwili amepalilia kwa mkono wa kushoto. Na miaka hiyo miwili kwenye sanduku lako kulikuwa na bomba linalotaka mkono mmoja tu. Kichwa cha mpira unakibana kwenye beringi, kinashika chenyewe. Unachukua bomba, unabonyeza kwa kidole kimoja. Basi. Shamba zima halina chombo kingine kinachomfaa kuliko hicho. Wewe fundi wa mafundi ulilijua hilo siku uliyomfukuza kwenye mashine. Usiniambie hukulijua. Ulitengeneza mashine yangu ya chapa kwa sindano.

Nilikwenda kwake jioni. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia katika nyumba ile. Alinisalimia vizuri, akampa mkewe ishara ya kiti. Nilimwomba radhi kwa maneno machache, maana mengi yangekuwa ya kujifariji mimi. Nikamuuliza anataka nini. Nilitegemea aseme nyumba. Alisema, "Dada, ile karatasi mlangoni itoke. Watoto wangu wamejifunzia kusoma pale."

Betri za bomba nilizifunga kwenye kanga, nikazipeleka Nyakahanga kwa fundi redio mwenye jenereta. Betri zilikuwa mbili. Moja imekufa. Ilikufa bila kazi, ndani ya mfuko wa unga. Ya pili ilipokea moto, fundi akasema itadumu kwa shida ila itadumu. Grisi iliyobaki ndani ya mpira ilikuwa imeganda kama nta. Bigirimana aliuosha kwa mafuta ya taa, akiushikilia kwa magoti.

Siku ya kuanua matanga baba mdogo alisimama, akasoma agizo lako, akanyoosha kidole kwenye mlango wa mashine. "Na sababu imeandikwa na dada wa marehemu mwenyewe," akasema. Nikasimama. Nilisoma habari niliyokuwa nimeiandika upya: saa, mahali, nani aliomba nini, nani alijibu nini, kipimo cha kiganja, kibao kilichotolewa, sanduku. Nilisema pia jina la mwandishi wa habari ya kwanza na kosa lake. Ilichukua kama dakika sita. Baba mdogo akasema, "Unamvua nguo ndugu yako kaburini?" Kabla sijajibu, Koletha alisema kutoka kwenye mkeka, bila kusimama, "Yote ni kweli. Nilikuwepo." Wewe hukumzoea akisema mbele ya watu. Hata sisi hatukumzoea.

Tukamwambia Bigirimana aje. Mashine ilikuwa imezimwa. Alibana kichwa cha mpira kwenye beringi ya ndani, akarudi nyuma hatua mbili, akachukua bomba kwa mkono wa kushoto, akabonyeza. Likanguruma lilivyonguruma sebuleni kwako. Grisi nyeusi ya zamani ikaanza kutoka kwenye beringi, kisha mpya. Alikuwa anatabasamu bila kututazama. "Kumbe lilikuwa linafanya kazi," alisema. "Mimi nilidhani ni la kutishia mapadre." Watu walicheka, kwenye msiba wako, na sikuwanyamazisha. Baba mdogo akasema nyumba ibaki na mwenye nyumba, Bigirimana. Akaondoka bila kunywa. Hanisemeshi hadi leo.

Injini iligoma kwa muda. Mimi na Koletha tulizungusha hendeli kwa zamu, mara sita, ikashika. Kwa hiyo hata hilo la wanaume wawili lilikuwa maneno matupu.

Karatasi nimeibandua mwenyewe kwa patasi yako. Uji wako ulikuwa mzito, umeondoka na rangi ya mlango. Habari ya pili nimeipeleka kwa mhariri, akasema imepitwa na wakati. Nimemwambia itachapishwa yenye jina langu au atafute mwandishi mwingine wa Kagera. Anafikiria.

Sasa nikuage. Kufuli la sanduku nimelitupa chooni, na ufunguo ukalifuata. Kibao cha mkanda kimerudishwa, kinapiga kelele, tunavumilia. Bigirimana ndiye msimamizi wa mashine, na hakuna beringi itakayopakwa grisi hapa ikizunguka maadamu mimi na Koletha tuko hai. Hiyo ni ahadi. Nyingine ni kwamba kila nikija likizo nitainama kwanza kwenye mashine, nitazame, ndipo nije kwenye migomba kukutazama wewe.

Kuhusu shikamoo yako. Jana nilimwambia Bigirimana kwamba nimeshindwa kukuamkia kaburini. Akafuta grisi kwenye suruali, akasema, "Mwache kwanza, dada. Siku nitakayoweza kumwamkia mimi, tutakwenda wote." Basi, shikamoo yako iko kwake. Subiri hapo hapo ulipo.

Mdogo wako,
Editha