Oili ya Boti kwenye Gari la Baba

Kibiti, Jumanne

Mdogo wangu Mudrick,

Assalamu alaykum. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimempa nahodha wa boti ya huko kwako Kiongoroni barua hii akukabidhi mkononi. Huku mpunga tumeshapalilia, mwanangu Sabra ameota jino, na mimi nina hasira.

Tangu ulirudishe gari la marehemu baba, injini inagonga. Ukaniambia ni uzee, limeshatembea kilomita laki nne. Nikakuamini. Juzi nilikuwa namtoa mama kijijini Mahege kumleta kliniki ya presha hapa Kibiti, likazima njiani, tukakaa juani mpaka adhuhuri ikaadhiniwa.

Fundi Abdulazizi aliliwasha, akagusisha bisibisi ndefu kwenye injini na kutega sikio kwenye mpini, akaihamisha polepole mpaka akaupata mlio wa kugonga chini kabisa. Akalizima, akafungua nati ya kumwagia oili. Oili ikatoka nyepesi kama maji, ina chenga za shaba. Akainusa.

"Dada, nani ametia oili ya mashine ya boti humu?"

Ni wewe, Mudrick. Nani mwingine kwetu anadhani kila injini inaelea?

Hilo ningekusamehe. Lakini mama amekiri kuwa alikuona uani kwake ukiimimina, ukamwomba anifiche. Akapanda gari akiisikia ile sauti, akanyamaza kwa ajili yako.

Sasa amekaa pembeni yangu, ananisihi nisikuandikie maneno makali. Nimefuta mara mbili kumridhisha. Haya uliyoyasoma ndiyo yaliyobaki.

Dada yako,
Zamda