Kichwa cha Barua Nilichokifunika

Duka la Nakala,
Mlango wa tatu kutoka ofisi ya ardhi.
Jumanne, tarehe 8, mchana.

Mpendwa Kitinda Mimba wetu,

Pokea salamu za kaka yako mkubwa, ambaye siku hizi ukubwa wote umehamia tumboni. U hali gani? Na mgongo wako je, baada ya zamu zote hizo za kuwainua wazee wa watu kitandani? Baridi ya huko umeizoea, au bado unalala na soksi mbili mbili? Sisi hatujambo. Mama ni mzima, ila magoti yanamgomea. Anasema yameamua kustaafu kabla yake. Wifi yako hajambo, na mdomo wake pia haujambo. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma hapa chini.

Najua unashangaa kupata karatasi kutoka kwangu wakati simu ipo. Mke wa fundi saa anakuja huko Alhamisi kumwona mwanawe, nimemwomba aibebe. Kwa simu nimejaribu mara tatu nikashindwa. Kila ukipiga na kuuliza, "Kaka, vipi chuo?" nakujibu, "Tunaendelea." Nilikuwa naendelea kweli. Ila kwingine.

Mdogo wangu, ile nafasi uliyonihangaikia katika chuo cha huko, ya shahada ya uzamili ya teolojia kwa njia ya mtandao, sikuichukua na sitaichukua. Huu ni mwezi wa tatu nasoma uzamili huohuo katika chuo cha hapa nyumbani, kwa mtandao vilevile. Tafadhali usirushe kitu bado. Kuna kibaya zaidi.

Nianze na uchaguzi wenyewe, usije ukadhani nilipiga kura kwa kurusha sarafu. Nilibandika karatasi ukutani nyuma ya mashine kubwa, nikachora mstari katikati: Huko, Hapa. Ada ya huko, hata baada ya kanisa lenu kuniombea punguzo, ingemeza duka na mwenye duka. Ya hapa ni nafuu, inalipwa kwa muhula. Vipindi vya huko vinaanguka saa tisa usiku kwa saa zetu. Vya hapa ni saa moja jioni, nikishafunga mlango. Halafu shahada ya hapa kanisa letu linaitambua bila maswali, wakati ya huko ingekaa mezani kwa kamati mpaka wanakamati wenyewe wazeeke.

Ni sababu nzuri, lakini nilizipata baadaye. Kilichonikimbiza ni mhadhara wa majaribio wa chuo chenu. Niliusikiliza dakika arobaini. Nikaelewa "karibuni" na "kwaherini". Katikati, profesa alicheka mara mbili, na mimi nikacheka naye nisionekane mshamba, ilhali nilikuwa peke yangu dukani. Kesho yake nikasikiliza wa hapa. Mhadhiri alifundisha huku kuku wakimlilia dirishani. Akauliza: mfiwa akikuuliza Mungu alikuwa wapi siku ile, utamjibu nini kabla hujafungua kitabu? Nililiandika swali lile nyuma ya risiti ya mteja, mteja akaondoka bila risiti.

Hapo ndipo ningekupigia nikasema, "Mdogo wangu, lugha imenishinda." Sentensi fupi kabisa. Lakini tayari ulikuwa umewatangazia washirika wenzako kwamba kaka yako anakuja kuwa mwanateolojia, na mchungaji wenu, mama wa watu ambaye hajaniona hata kwenye picha, alikuwa ameshaandika barua ya kunipendekeza. Ukanitumia nakala nifurahi. Nilifurahi mno, na furaha ile ndiyo iliyonipoteza.

Chuo cha hapa nacho kilitaka barua ya mchungaji. Mchungaji wetu wa zamani amehamishwa, na huyu mpya alikuwa ana wiki mbili, bado ananiita "mzee wa fotokopi". Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Ijumaa. Sasa wewe unaijua kazi yangu. Miaka kumi na minane watu wananiletea karatasi: hapa ondoa, hapa ziba, hapa toa kivuli. Mkono umezoea hata hauulizi. Nilikata ukanda wa karatasi nyeupe, nikaulaza juu ya mahali palipoandikwa jina la chuo cha huko, nikafunga kifuniko cha mashine, nikabonyeza. Ikatoka safi. Nikaandika jina la chuo cha hapa kwa taipu inayofanana. Nilijisifu, mdogo wangu. Nilisema kwa sauti, "Fundi ni fundi."

Nikapokelewa. Na somo la kwanza, nadhani unalikisia, lilikuwa Maadili.

Wifi yako alikuta ule ukanda kwenye pipa la taka akajua, maana huyu mwanamke ana pua ya askari. Nilimwambia maneno yale ni yaleyale, nimebadilisha anwani tu. Akaniambia, "Haya, umeshafunika karatasi. Kilichobaki ni kumfunika Mungu macho." Kisha akaendelea kuchambua mchele. Sikula vizuri siku ile, nawe unajua mimi si mtu wa kususa sahani.

Wiki iliyopita chuo kilitutangazia kwamba mwisho wa muhula huwa kinawaandikia wachungaji wote waliotupendekeza, kuwashukuru. Nikaona barua ya shukrani ikipanda ndege mpaka kwa mchungaji wenu: asante kwa kutuletea mwanafunzi huyu. Na yeye akikugeukia wewe. Hapo nikafunga duka mchana kweupe, nikaenda mwenyewe kwa msajili.

Ni mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba, wengine huja wakishakamatwa. Wewe umewahi."

Nikamwambia, "Asante, mama."

"Usinishukuru. Kuwahi hakukutoi kwenye kosa, kunakutoa kwenye foleni tu."

Amenisimamisha masomo. Amesema mchungaji wenu aelezwe yote, naye aandike mwenyewe kama barua yake inaweza kunisimamia. Akikataa, au mwezi ukiisha kimya, jina langu linafutwa.

Ningeweza kuishia hapa ukanisamehe, kwa sababu ndivyo ulivyo. Lakini ile barua nimeisoma mara nyingi kuliko Zaburi, na kuna mstari unaonichoma kila mara. Mchungaji wenu ameandika kwamba nikiwa na miaka ishirini na miwili niliacha nafasi ya chuo cha Biblia ili mdogo wangu wa mwisho apate kusomea uuguzi. Ameandika ulivyomsimulia. Nawe ulisimulia ulivyolelewa ukisikia.

Mdogo wangu, sikuacha nafasi. Sikuipata. Nilifeli usaili. Waliniuliza kwa nini nataka kumtumikia Mungu, nikajibu kwa dakika ishirini, mpaka mzee mmoja pale mezani akasinzia. Barua ya kunikataa ilikuja wiki ileile uliyochaguliwa uuguzi. Mama, kunisitiri, akawaambia majirani kwamba nimempisha mdogo wangu. Alikusudia neno la siku mbili, aibu ipite. Mimi nikajifunika nalo gubigubi miaka ishirini na tisa. Siku ya mahafali yako ulinivalisha lile joho lako mbele za watu ukasema ni langu. Nami nikasimama, nikapigwa picha.

Ndiyo maana najua kwa nini umekimbizana na ofisi zile zote, ukatumia siku zako za mapumziko kunijazia fomu. Unalipa fadhila ambayo haikuwahi kutendeka. Kufunika jina la chuo ni kosa la dakika moja, nimelitubu. Hili la pili ndilo ninaloliona zito, na sijui linatubiwaje ila kwa kukwambia.

Basi nakuomba mambo mawili. La kwanza, nafasi ile irudishe mapema, usingoje siku ya mwisho. Uliniambia kuna mjane anayesubiri nyuma yangu. Amesubiri miezi mitatu kwa sababu ya mwanamume aliyecheka peke yake dukani. La pili, ndani ya bahasha hii kuna barua ya mchungaji wenu. Sikuibandika gundi. Isome, kisha mpelekee. Nimemwandikia yote mawili, la ukanda na la usaili. Akikuuliza, usinitetee. Usimwambie nilikuwa na nia njema. Kama unaona aibu kusimama mbele yake, mwachie mezani uondoke. Aibu ni yangu, wewe umebeba bahasha tu.

Akikataa nitaacha masomo, nami sitamlaumu mtu. Swali la mfiwa nitaendelea kulitafutia jibu bila cheti.

Ila sitaki ubaki unajiuliza ada yako ilitoka wapi, kama si kwangu. Unakumbuka mwaka ule Mama alivyoanza kushona sare za shule kwa mkono, akituambia cherehani inamuumiza mguu? Mguu haukuwa na shida. Cherehani ilikuwa imeuzwa. Amenikataza kukwambia, na leo nimemwasi. Hayo yote uliyokuwa ukinishukuru mimi, mtu wake yuko chumba cha pili hapa nyuma ya duka, anasikia vizuri, hasa ukisema polepole.

Wifi yako anakusalimu, anasema mgongo usiuchezee. Shangazi wa kilimani amekuombea mume, nimemwambia unaye tayari, akasema basi amekuombea akiba. Fundi saa na mkewe wanakusalimu, na mtaa mzima wa ofisi ya ardhi.

Mungu aitie nguvu hiyo mikono inayowainua wengine, na akupe usingizi wa kutosha hata utakapomaliza kusoma haya.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye kuliko nilivyokutendea,

Mzee wa Fotokopi