Clemmed, Neno la Kwenu Bibi Dora

Bibi yangu Dora,

Siku ya kwanza uliponiambia uko "clemmed", nilikimbilia jikoni. Neno sikulijua, ila niliona mkono wako tumboni, nikakuletea uji wa shayiri na ndizi. Ukacheka mpaka ukakohoa. "Umepatia, Rehema," ukasema, "na bado umekosa."

Sir, mwanao, alikuwa amekuleta Dubai baada ya nyumba yako kuuzwa. Alikupenda, sikatai. Lakini jua la mtaa wetu wa Al Twar lilikunyima hata kibaraza, na madam, mkewe, aliogopa usije ukaanguka, kwa hiyo geti lilikuwa limefungwa siku zote. Mimi nilikuwa mtunzaji wako, na pasipoti yangu ilikuwa kabatini kwa Sir. Tukabaki wawili, kiyoyozi kikinguruma.

Ndipo ukanieleza. Kwenu, kaskazini mwa Uingereza, kwenye mji wa viwanda vya pamba, baba yako alilisema neno hilo kiwanda kilipofungwa na chakula kikaadimika. Maana yake njaa. Shuleni mlikatazwa kulitumia, eti ni la washamba. "Lakini njaa ilikuja baadaye," ukasema. "Zamani kabisa lilikuwa kubana. Kufinya. Kumfunga mtu asitoke. Wajerumani wana neno ndugu yake hadi leo."

Nikakwambia hata sisi Tanga husema njaa imenibana. Ukanishika mkono. "Kumbe kwenu mnajua!"

Tangu hapo, asubuhi ukiniuliza, "Clemmed?" nami nikijibu, "Sana, Bibi," hatukuwa tunazungumzia mkate.

Mama yangu alipougua, niliomba ruhusa niende nyumbani. Madam akasema tungoje apatikane mwingine. Siku ile mezani, mbele ya wageni, ukaweka uma chini.

"Rehema yuko clemmed."

"Basi ale, Mama," Sir akasema. "Chakula kipo."

"Mjinga wewe! Babu yako angenielewa. Mpe pasipoti yake."

Wageni wakatazama sahani zao. Sir akatabasamu, akasema, "Inshallah," kwa ile sauti ya mtu asiyetaka kutamka hapana.

Mama akazikwa bila mimi. Habari ilipofika ulishuka ukakaa nami sakafuni, na magoti yako yale mabovu, nikashindwa kukuinua mpaka Sir aliporudi kutoka kazini.

Kisha ukafariki, ukasafirishwa kwenu. Soksi zako za sufu nilikuvika mimi. Nisikufiche Bibi, nilikuonea wivu kwa ile ndege.

Sasa baba yake madam anakuja kuishi hapa, nami nimeambiwa nitandike kitanda chako. Sikukitandika. Leo asubuhi nilimfuata Sir sebuleni.

"Sir, naomba pasipoti yangu."

"Baada ya Ramadhani, Rehema."

"Leo, Sir."

"Khalas, basi!" Akachukua funguo za gari, akaondoka.

Nikakaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Madam ameniita mara nyingi, sikuitika. Sijui jioni Sir akirudi itakuwaje. Ila nasikia jikoni madam anajipikia chai mwenyewe, anafungua kabati moja baada ya jingine akitafuta sukari, na mimi sinyanyuki.

Lala salama, Bibi.

Mjukuu wako wa Dubai,
Rehema