Nusu ya Kwanza Ni Yako

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha uani,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa kaka yangu Kobe,

Hujambo? Wifi na watoto wazima? Na mgongo wako, bado unakutesa kwa kushika usukani kutwa? Sisi huku wazima wa mwili. Mama anakuulizia kila asubuhi, kisha anasahau kwamba ameuliza. Afadhali, maana sina la kumjibu. Barua zangu za nyuma zote hukujibu.

Maktaba yetu imefungwa. Nilipigana, unanijua. Niliwarukia wakubwa wa halmashauri gazetini mpaka mhariri akaninyang'anya safu yangu, akaijaza matangazo ya magodoro. Jengo litakuwa ghala la saruji, na vitabu vinakwenda kusagwa viwe maboksi ya sabuni. Tumeshindwa, kaka, na walioshinda hata hawakusoma nilichoandika.

Wiki ile ya mwisho kabla haijafungwa nilikwenda humo kutafuta hoja za kuwachapia. Miaka mingi nasoma ripoti tu, kalamu mkononi, kama askari anayepekua mifuko ya watu. Mvua ikanizuia, nikachomoa riwaya moja rafuni: mke wa fundi saa anaendelea kuzitia ufunguo saa za wateja baada ya mumewe kutoweka. Nikasahau hoja. Kalamu ikaanguka, sikuinama kuiokota. Nikacheka na kulia peke yangu, kama utotoni tulipokuwa tukisoma mvunguni mwa kitanda.

Unakumbuka Baba alipochoka na ugomvi wetu wa nani asome kwanza, akakipasua kitabu katikati kwa kisu cha jikoni? Ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Wewe mkubwa, nusu ya kwanza. Mimi nikishindwa kukungoja, unavyotambaa na maneno, naanzia ya pili. Kila mwisho niliujua kabla ya mwanzo, na kila mmoja nilikuharibia kwa mdomo wangu.

Mkutubi alinipa ile riwaya. Nilipoomba na kisu, akashika kichwa.

"We Pilipili! Jana unawaita wachinjaji wa vitabu, leo unataka kisu?"

"Kaka yangu yuko mbali, na kitabu ni kimoja."

Akakikata mwenyewe, taratibu, uzi usifumuke.

Nusu ya kwanza ndiyo hiyo iliyomo kwenye bahasha. Nimeisoma hadi pale kisu kilipopita: mwanamke amesikia hodi, hajafungua. Nusu ya pili iko kabatini, sijaigusa. Safari hii nakungoja. Ukimaliza, njoo tuisome pamoja, Mama angali analikumbuka jina lako.

Nisalimie wifi, wanao wote, na yule shemeji yako mbishi. Mama anakuombea, hata siku asizokumbuka anamwombea nani. Mungu akuepushe na mabaya ya barabarani.

Sidhani utakuja. Sidhani hata utaifungua bahasha. Na usiponijibu, kaka, nitakufa bila kujua kama aliufungua mlango.

Mdogo wako akupendaye hata akifoka,

Pilipili